Rivyu ya ICU alikolazwa mama mkubwa: maabara nyota tano, duka la dawa nyota mbili

Naanza na maksi kabisa, mwenye haraka asome hapa aendelee na mambo yake. Manesi wa ICU nyota tano. Maabara nyota tano, na hawa ndio walionifanya nikae niandike. Madaktari nne. Duka la dawa la ndani mbili. Kaunta ya malipo mbili. Jina la hospitali silitaji maana humu kuna lawama na sitaki mjadala uwe wa jina, ila ni ya binafsi, ipo Dar, ya ukubwa wa kati, ICU yao ina vitanda vichache. Nachoandika kitakusaidia kuipima ICU yoyote utakayompeleka mtu wako, iwe Dar, Mwanza, Mombasa, popote, kwasababu watu wengi tunaangalia vitu vinavyong'aa, mashine ya kupumulia mpya, skrini kubwa, AC, wakati kwa mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoushinda mwili mpaka viungo vinaanza kugoma, kinachobeba uzito ni chupa mbili za damu ya kupima bakteria, mtu wa maabara anayefanya kazi hata Jumapili, na usafi wa mikono ya kila anayesogelea kitanda.

Mgonjwa ni mama mkubwa, ana sukari miaka mingi. Kwa muda mrefu alikuwa anahangaika na kile mtaani wanachokiita UTI sugu, wengi mnakijua, unaenda zahanati unapimwa mkojo kwa kijiti, unaambiwa una UTI, unachomwa sindano za seftriaksoni siku tano, unapata nafuu, baada ya muda imerudi unapewa sipro, imerudi tena sindano tena, na katikati hapo mwenyewe unapita duka la dawa unanunua ampiklo za kupunguza maumivu, vidonge vichache tu, sio dozi. Hakuna hata zahanati moja iliyowahi kuotesha mkojo wake, yaani kuwakuza bakteria maabara kuona ni nani na dawa gani inamuweza. Hakuna. Wanatibu kwa kukisia, na kila wakikisia wanakisia ileile.

Siku anapelekwa hospitali alikuwa anatetemeka, anapumua haraka haraka, anaongea vitu havieleweki, na tangu asubuhi mkojo hautoki. Nyumbani wote tulijua malaria imempanda kichwani. Pale mapokezi ya dharura nesi alipima presha akairudia mara ya pili, akaita daktari bila hata kutuangalia. Malaria ikapimwa, hamna. Daktari wa zamu akatutoa pembeni akasema mama ana sepsisi, maambukizi yameanzia kwenye figo yameingia kwenye damu, na mwili wenyewe katika kupigana umeanza kujiumiza, presha imeporomoka, figo zimegoma, ubongo unayumba. Nikaja kusoma baadaye kwamba mwaka 2017 dunia nzima watu kama milioni 48.9 walipata sepsisi na milioni 11 wakafa, yaani katika kila vifo vitano kimoja kina sepsisi ndani yake. Sisi huku kila homa kali tunaiita malaria, na kuna utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili, ulichapishwa 2007, ulioonyesha kuwa watoto wenye bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu walikufa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya watoto wenye malaria. Mara mbili! Hiyo ilitakiwa iwe inajulikana kwa kila mzazi.

Sasa nikusimulie kitu kilichonifanya niwape maksi. Kabla ya dawa yoyote daktari aliuliza swali moja ambalo huko kote tulikopita hakuna aliyeuliza: "Miezi mitatu iliyopita mama ametumia antibayotiki gani?" Dada, binti yake wa kwanza, ana tabia ya kutunza kila karatasi, akatoa daftari la zahanati kwenye pochi, sindano zote zimeandikwa mle na tarehe zake. Daktari akasoma akatikisa kichwa, akasema kama bakteria huyu amekutana na seftriaksoni mara zote hizi basi uwezekano mkubwa ameshaizoea, na kwa presha hii hatuna muda wa kujaribu dawa halafu tukaona imegoma, naanza na meropenemu moja kwa moja na dozi ya amikasini juu yake, majibu ya kuotesha yakitoka tutajua tubaki hapo au tushuke. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unasema mgonjwa ambaye presha imeshaporomoka apate antibayotiki ndani ya saa moja. Alipata. Nilikuwa nasimama pale na saa naiona.

Ila kabla ya ile dawa ikaja damu, na hapa naomba usome taratibu. Nesi alikuja na chupa mbili ndogo zenye maji maji ndani, moja kwa bakteria wanaopenda hewa nyingine kwa wasiopenda. Akanyofoa vifuniko vya plastiki, akafuta ile mipira ya juu kwa spiriti akaiacha ikauke. Akasafisha mkono wa mama kwa klorheksidini, akasugua, akasubiri pakauka, hakugusa tena pale kwa kidole hata baada ya kuvaa glavu. Akavuta damu akaijaza chupa zote mbili, kama mililita nane mpaka kumi kila moja, halafu akarudia mkono wa pili kwa seti nyingine. Akaandika jina, saa, na mkono uliotolewa. Nilimuuliza sista kwanini damu nyingi hivyo, akanijibu bila kukunja uso, kwenye damu ya mtu mzima bakteria wanaweza kuwa wachache sana, ukichukua kidogo unawakosa, na ngozi ikiwa chafu unaotesha bakteria wa ngozini halafu mgonjwa anatibiwa ugonjwa ambao hana. Akatoa na mkojo kutoka kwenye mpira mpya uliowekwa muda huohuo. Ndio dripu ya meropenemu ikafunguliwa. Kazi yote hiyo haikuchelewesha dawa. Hospitali nyingine anachomwa kwanza halafu damu inachukuliwa kesho yake, na hapo hata bakteria wakiwemo wanaweza wasiote kwenye chupa kwasababu dawa imeshawapunguza nguvu, na wewe unapewa majibu yanasema hamna kitu.

Kuhusu maji. Ndugu waliofika usiku wakaanza kulalamika mbona dripu zinawekwa kidogo kidogo, si mumfungulie mama maji apate nguvu. Daktari hakuwafokea. Alisema ndugu zangu mwongozo unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya masaa matatu ya kwanza, na mimi natoa, ila natoa kwa mafungu nasikiliza mapafu kila fungu likiisha, maana Afrika tumeshaumia kwenye hili. Nikaenda kutafuta alichomaanisha. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu, waliomiminiwa maji ya chumvi kwa haraka walikufa 10.5 katika kila 100 ndani ya masaa 48, wasiomiminiwa 7.3. Halafu Lusaka kule Zambia, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wakiwa na VVU, majibu yalitoka 2017, waliopewa maji mengi na dawa za presha kwa ratiba kali walikufa 48 katika kila 100, waliopata huduma ya kawaida ya hospitali 33. Kwahiyo ukiona daktari anasita na maji usimkimbilie kumwita mzembe, muulize anasikiliza nini. Mama akawekwa dawa ya kubana mishipa, noradrenalini, kwa pampu, inahesabu tone kwa tone mpaka ile presha ya wastani ifike 65.

Maabara sasa. Zile chupa zinaingia kwenye mashine inayozitunza kwenye joto la mwili na kuzichungulia saa zote, bakteria akianza kukua anatoa hewa ya kaboni, mashine inapiga kengele. Ya mama ilipiga kesho yake mchana, Jumamosi hiyo. Na hawakusubiri Jumatatu! Mtu wa maabara alitoa tone akalipaka rangi akaangalia kwenye hadubini, akapiga simu ICU papo hapo, fimbo za gramu hasi, chupa zote nne. Simu, sio karatasi ya kusubiri mhudumu aipitie. Kisha wakapanda kwenye sahani, na Jumapili sahani ikasomwa, ni E. coli, wakapanda tena na vidonge vya dawa, Jumatatu asubuhi majibu kamili yakawa mezani.

Nilimfuata kijana wa maabara dirishani kumshukuru, akanionyesha picha ya ile sahani kwenye simu yake, haina jina la mgonjwa. Ni sahani ya duara imefunikwa utando wa bakteria rangi ya kijivu, juu yake vimebandikwa viduara vidogo vyeupe vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake. Kinachofanya kazi kinazungukwa na duara safi lisilo na kitu. Meropenemu ilikuwa na duara pana, amikasini duara zuri tu. Seftriaksoni bakteria wamekua mpaka wamegusa karatasi yenyewe, hakuna hata nafasi ya kucha. Sipro hivyohivyo. Septrini hivyohivyo. Zile sindano zote mama alizovumilia, makalio yamevimba, hela imeenda, na bakteria alikuwa anaota juu ya dawa. Nilisimama pale nikashindwa kuongea kwa muda. Akanielewesha kwamba huyu ana kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni, wao wanaita ESBL, na kinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, kwahiyo E. coli wa tumboni anaweza kumgawia Klebsiella jirani yake silaha hiyohiyo. Kila kozi isiyo ya lazima inaua wale dhaifu inawaachia uwanja wenye silaha.

Hapo ikaja habari ya hela. Meropenemu ni ghali jamani, gramu moja kila masaa manane, na bima ya mama ilitaka kibali kila baada ya siku chache. Shemeji akaona kwenye karatasi ya majibu kwamba kuna dawa nyingine, piperasilini na tazobaktamu, imeandikiwa herufi S, yaani inafanya kazi, na pale ilikuwa inapatikana kwa bei nafuu. Akauliza kwanini tusihamie huko. Swali halali kabisa. Daktari bingwa wa ICU akatujibu kwamba kwenye sahani inaonekana inafanya kazi lakini kwenye damu ya mtu mwenye bakteria wa aina hii sio salama, ulifanyika utafiti wa nchi nyingi ukatoka 2018, wagonjwa wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu, waliopewa hiyo ya pili walikufa 12.3 katika kila 100 ndani ya siku 30, wa meropenemu 3.7. Tukanyamaza tukatafuta hela. Na ndio maana nasema maabara nzuri peke yake haitoshi, unahitaji na mtu wa kuisoma ile karatasi, herufi S sio ruhusa ya kununua.

Mikono. Kila kitanda kina chupa ya kitakasa mikono miguuni pake na manesi wanaitumia kabla ya kugusa na baada ya kugusa, wanasugua mpaka katikati ya vidole mpaka ikauke. Kuna siku alikuja bingwa wa nje kuona wagonjwa wake, mtu mzima, anaheshimika, akamgusa mgonjwa wa jirani kwenye mrija wa mashine halafu akaja moja kwa moja kwa mama akanyoosha mkono kwenye mpira wa shingoni, ule unaoingiza dawa kwenye mshipa mkubwa. Sista mmoja, mdogo tu kwa umri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dokta, samahani, mikono." Yule bingwa akasimama, akarudi, akasugua. Hakukasirika. Kwangu hiyo dakika moja ina thamani kuliko mashine zote mle ndani, maana hospitali ambayo nesi mdogo anaweza kumsimamisha bingwa ni hospitali ambayo kuna mtu ameamua makusudi iwe hivyo. Marekani jimbo la Michigan walichukua ICU zaidi ya 100 wakawawekea mambo matano tu kwenye mipira ya mishipa mikubwa, kunawa mikono, kujifunika kamili wakati wa kuweka, klorheksidini kwenye ngozi, kukwepa mshipa wa paja, na kutoa mpira usiohitajika, matokeo yakachapishwa 2006, maambukizi ya damu kutokana na mipira yakapungua kwa hadi asilimia 66. Hakuna dawa mpya hapo. Sabuni na nidhamu.

Lawama hapohapo: usiku wa Jumapili chupa mbili za kitakasa mikono zilikuwa tupu na hakukuwa na za akiba mpaka asubuhi. Manesi wakawa wanatembea mpaka sinki la mwisho kila mara. Hii sio ya kuwalaumu wao, ni ya anayeshika stoo. ICU haitakiwi kuishiwa kitu hicho, kama ambavyo haitakiwi kuishiwa oksijeni.

Chumba cha pembeni kulikuwa na mgonjwa aliyetengwa, mlangoni kuna magauni na glavu za kuvaa ukiingia na kuvua ukitoka, na kipimo cha presha na cha joto ni vyake peke yake havitoki mle. Hakuna aliyetuambia ni nani wala ana nini na hiyo ni sahihi kabisa. Sista alitueleza kwa ujumla tu kwamba ICU huwa inapambana na bakteria kama Acinetobacter ambaye anaweza kukaa kwenye reli ya kitanda au meza kavu wiki kadhaa akisubiri mkono umbebe, na akishakuwa sugu mpaka kwa meropenemu mnabaki na kolistini, dawa inayoumiza figo, na figo za mgonjwa wa sepsisi zenyewe ndio hizo zimeshagoma. Huyo Acinetobacter sugu yupo juu kabisa kwenye orodha ya WHO ya bakteria hatari tangu 2017 na walipoirudia 2024 alikuwa bado yupo palepale. Kwahiyo ndugu ukienda kuona mgonjwa ukaambiwa vaa gauni, nawa, mmoja mmoja, usiweke pochi kitandani, usikasirike. Tulikuwa na mzee mmoja wa ukoo alisusa akaondoka, alitaka waingie wote wasali pamoja. Tulisali nje, Mungu anasikia hata koridoni.

Mama akaanza kuimarika, noradrenalini ikapunguzwa, mkojo ukarudi, akaanza kuuliza nani anaangalia kuku wake. Halafu homa ikarudi. Hapa ndio nilitegemea kuona dawa mbili tatu zinarundikwa, na sisi ndugu ndio tulikuwa wa kwanza kutaka ziongezwe. Hawakuongeza. Walitoa mpira wa mkojo, walitoa mpira wa shingoni kwasababu dripu za mkononi zilikuwa zinatosha sasa, na kabla ya kuutoa walichukua damu kutoka kwenye mpira wenyewe na kutoka mkononi kwa wakati mmoja, wakaeleza kwamba chupa ya mpira ikipiga kengele masaa mawili au zaidi mbele ya ile ya mkononi ujue mpira ndio wenye tatizo. Wakakagua mapafu, wakakagua kidonda cha mgongoni kama kipo. Homa ikashuka yenyewe kesho yake na chupa zote hazikuotesha kitu. Madaktari nimewapa nne na sio tano kwasababu ule mpira wa mkojo ulitakiwa kutoka mapema, wiki ile mkojo ulikuwa umeshafunguka na kila siku wanauliza kwenye raundi mpira gani hauhitajiki, ila wikiendi raundi ikawa fupi hilo swali likarukwa. Pia taarifa kwa ndugu tulipewa mara moja tu kwa siku, ukikosa ule muda unabaki na wasiwasi mpaka kesho.

Mjadala mwingine ulikuwa siku dawa inasimamishwa. Meropenemu ilikatwa siku ya saba. Nyumbani ikawa kelele, wengine wanasema hospitali inataka kufungua kitanda, wengine bima imegoma, si tunaambiwa kila siku maliza dozi. Daktari akasema dozi yake ndio hiyo imeisha. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu, wengi wao wa ICU, siku 7 dhidi ya 14, na wa siku 7 hawakufanya vibaya kuliko wa 14, vifo ndani ya siku 90 vilikuwa 14.5 katika kila 100 kwa wa siku 7, na 16.1 kwa wa siku 14. Bakteria wa Staphylococcus aureus hawakuwemo, huyo ana masharti yake. Na masharti kwa mama yalitimia, presha imetulia, homa hamna, ultrasaundi ya figo haina jipu wala jiwe. Siku za ziada zingekuwa za kuwafundisha bakteria wengine wa tumboni namna ya kuishi na meropenemu, na hiyo ndio dawa tuliyobaki nayo.

Duka la dawa la ndani. Jumamosi jioni nesi anakuja anasema meropenemu imeisha, dozi ijayo ni saa nne usiku, ndugu mtafute nje. ICU! Dawa ya kwanza mnayoitegemea kwa mgonjwa mahututi inaisha Jumamosi na hamna mtu wa manunuzi mpaka Jumatatu. Tukachukua bajaji tukazunguka, famasi ya kwanza hamna, ya pili wana chupa moja, ya tatu mfamasia mwenyewe yupo, akaomba karatasi ya daktari kabla hata ya kutaja bei, na huyo nilimshukuru kwa kuomba. Tukaangalia lakiri, tarehe, usajili. Dozi ikaingia kwa kuchelewa kidogo. Mwenye hospitali akisoma hii na akajijua, tafadhali, wekeni akiba ya wikiendi, ni boksi chache. Mtu asiye na ndugu wa kuzunguka usiku ule ingekuwaje?

Cha kuumiza zaidi njia nzima tunayopita, kila duka limebandika lile tangazo la Holela-Holela Itakukosti, la kuonya watu wasitumie dawa ovyo, na chini ya tangazo mtu ananunua vidonge vinne vya antibayotiki kwa ajili ya mafua. Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017, na WHO imeshaigawa antibayotiki makundi, za kutumia kwanza, za kuangaliwa kwa jicho kali, na za akiba ya mwisho. Seftriaksoni ipo kundi la jicho kali, kundi moja na meropenemu. Huku kwetu inagawiwa kama pipi. Takwimu za 2019 zinasema watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndio ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko kote.

Kaunta ya malipo sitaiandikia sana. Wanakupigia simu ya deposit saa mbili usiku wakati uko mlangoni kwa mgonjwa, kila zamu inakudai upya kitu ambacho zamu iliyopita umelipa, na bili haina mchanganuo mpaka ugombe. Ukigomba unaupata. Kipimo cha kuotesha damu ambacho watu wanakiogopa kwamba ni ghali, kwenye mchanganuo wetu hakikufika hata robo ya bei ya kitanda cha siku moja.

Mama yuko nyumbani, anatembea mpaka getini, figo zinafuatiliwa kliniki na sukari imebadilishiwa dawa. Yale majibu ya sahani tumeyapiga picha yapo kwenye simu ya kila mtoto wake, na akienda popote na homa yanaonyeshwa kwanza kabla ya mtu kufungua sindano. Kama una mgonjwa mwenye sukari, au mwenye UTI inayojirudia, au aliyetoka kulazwa karibuni, dai kuoteshwa mkojo sasa hivi akiwa bado anatembea. Na ukitafuta ICU pigeni simu muulize: mnaotesha damu hapo hapo au mnapeleka nje, maabara inasoma sahani Jumapili, majibu ya kwanza yanapigwa simu au yanasubiri karatasi, na meropenemu Jumamosi usiku ipo? Pale kwetu majibu ni hapo hapo, ndio, simu, na hilo la mwisho wawaulize wenyewe kabla hawajampokea mgonjwa.